Kizazi cha Mtu Si Habari

Wema Sepetu alivaa taji la Miss Tanzania mwaka 2006, akaenda Warsaw, Poland, kuiwakilisha nchi kwenye Miss World, kisha akaigiza na marehemu Steven Kanumba katika filamu ya A Point of No Return. Ni miaka mingi ya kazi mbele ya macho yetu. Lakini kwa miaka mingi, kila alipoweka picha mpya Instagram, awe amevaa gauni la harusi ya rafiki au anatangaza filamu, hazikupita dakika nyingi kabla hajatokea mtu wa kumuuliza atazaa lini. Hao waliouliza walikuwa wanawake wenzake kwa wingi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mimi ni msusi, nina saluni Mwananyamala. Televisheni ipo ukutani, na jioni wateja hawataki taarifa ya habari, wanataka udaku. Sina ugomvi na udaku. Nani kamwacha nani, nani kahongwa gari, wimbo mpya umemlenga nani, hayo tunayachambua kutwa. Kusuka rasta ndogondogo ni kazi ya saa nyingi na mdomo nao unataka shughuli. Kitu kimoja tu nimekipiga marufuku: hapa kwangu hajadiliwi mtu kuhusu kizazi chake.

Nilifika hapo kwa sababu ya Jumamosi moja kabla ya Idi, saluni imejaa mpaka barazani. Kwenye televisheni alikuwa anahojiwa staa mmoja wa kike ambaye hana mtoto. Mteja mmoja akaanza: katoa sana mimba huyo, ndiyo malipo yake. Mwingine akasema pesa zote zile, atamwachia nani? Wakacheka. Kwenye kiti changu alikaa dada ninayemsuka tangu akiwa mwari. Aliolewa, na alikuwa amenieleza kwa sauti ya chini, siku nyingine tukiwa wawili, kwamba madaktari wamekuta mirija yake imeziba na kwamba mawifi wameshaanza maneno. Kichwa kilikuwa nusu. Akanishika mkono akasema, "Dada, utanimalizia kesho." Akajifunga mtandio juu ya zile nywele zisizoisha, akalipa hela yote, akatoka. Yule staa alikuwa kwake na hakusikia neno lolote. Mteja wangu alisikia yote, na yote yalimhusu.

Nataka wasomaji walifikirie hili kwa uzito, kwa sababu huwa tunajitetea kwamba staa kajianika mwenyewe, umaarufu kautaka mwenyewe, avumilie. Sawa, tuseme avumilie. Mseme uigizaji wake, mseme gauni lake kama limekukera. Je, na huyo aliyekaa pembeni yako ofisini, kwenye daladala, kwenye kikao cha kitchen party, naye alitaka umaarufu gani? Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti Aprili 2023 likasema takriban mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hukumbana na tatizo la kupata mtoto katika maisha yake. Saluni yangu ikijaa, watu hao wamo ndani. Na wewe ukiandika kwenye simu, wanakusoma.

Mwanzoni mwa 2016 Wema alikuwa na Idris Sultan, yule mshindi wa Big Brother Hotshots. Zikatoka habari za ujauzito, na wiki chache baadaye Idris akaandika kwamba wamepoteza. Nakumbuka yaliyosemwa baada ya hapo. Watu walidai ushahidi. Walisema mimba haikuwepo, ni kiki. Mila zetu zinajua mwanamke aliyeharibikiwa na mimba anavyotunzwa: anachemshiwa uji, anakandwa, wakubwa wanakaa naye chumbani na mlango unafungwa. Nani alituambia kwamba ukiwa na taji la umiss huyo mama wa kukukanda hutakiwi kuwa naye, na badala yake upewe nchi nzima ya wapelelezi?

Na hiyo hukumu ya "katoa sana" imejengwa juu ya ujinga wa mwili. Mirija huziba kwa maambukizi kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa mapema, na mwanamke anaweza kuambukizwa ndani ya ndoa yake halali. Kuna uvimbe wa kizazi. Kuna homoni zisizokaa sawa. Kuna endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba huota nje yake, zikileta maumivu makali ya hedhi na kwa wengine ugumu wa kushika mimba. Shirika hilohilo la Afya linakadiria kwamba unampata karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa.

Tunaye Mtanzania aliyetufundisha jambo hili waziwazi: Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001. Aliumwa endometriosisi miaka na miaka, akapasuliwa tena na tena, akaamua kusimama hadharani kuyasema maumivu ambayo wasichana wengi huambiwa wayavumilie kwa kuwa ndiyo uanamke. Mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Siku ile tulimpongeza sana, na tulifanya vyema. Ila mafunzo yake yalistahili kutangazwa redioni kwa muda uleule tunaowapa wapenzi waliogombana.

Wanaume nao. Staa wa kiume akihesabiwa watoto anasifiwa, na asiye na mtoto hakuna anayemfuata na swali. Katika wanandoa wanaohangaika kupata mtoto, karibu nusu ya mara tatizo la mwanamume huwa ndiyo sababu pekee au sehemu ya sababu. Kipimo cha mbegu za kiume hakina upasuaji wala maumivu. Hata hivyo nasuka wanawake waliozunguka kwa madaktari na kwa waganga mpaka wakauza dhahabu zao, na waume zao hawajawahi kukanyaga maabara.

Kaka zangu, nendeni mkapime, tena muwe wa kwanza kwenda. Wahariri na watangazaji, ondoeni swali la "utazaa lini" kwenye mahojiano yenu. Mtu akitaka kulizungumza atalizungumza mwenyewe, kama Millen alivyofanya. Na wewe dada yangu, ukiona picha ya staa leo jioni na kidole kikakuwasha, andika kuhusu gauni.