Galaksi Itazamwe Pia Ubavuni

Mwanafunzi akiambiwa achore galaksi, aghalabu huchora gurudumu lenye mikono iliyojipinda, likielea peke yake. Mchoro huo si wa uongo, lakini huficha mengi. Galaksi kama hiyo ikitazamwa ubavuni huonekana bapa kama chapati, imetuna katikati, na ukanda mweusi wa vumbi umeipasua kwa urefu. Hapo kasoro za umbo lake hazifichiki.

Mfano mzuri ni NGC 3628 katika kundinyota la Simba, ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1784. Iko mbali nasi kwa miaka ya nuru milioni 35 hivi. Bapa lake limevimba na kupinda kwenye ncha, na mkia wa nyota na gesi umechomoza umbali wa miaka ya nuru ipatayo 300,000. Wanaoshukiwa ni majirani zake, M65 na M66, hasa huyo wa pili. Si lazima galaksi zigongane; kupitana karibu kwatosha, kwani upande ulio karibu na jirani huvutwa zaidi kuliko ulio mbali, kama mwezi unavyoifanya bahari ijae na kupwa. Mwaka 1972 Alar na Juri Toomre walionyesha kwa kompyuta kwamba mvutano peke yake waweza kuumba mikia hiyo, jambo ambalo baadhi ya wataalamu hawakulisadiki.

Basi mwalimu asianze na gurudumu. Akikosa picha, awatoe wanafunzi nje usiku usio na mbalamwezi: Njia ya Maziwa ni galaksi yetu wenyewe, ikitazamwa ubavuni kutoka ndani, na ule weusi unaoipasua ni vumbi.