Dawa za Mafua za Kichina: Ukongwe Si Ushahidi

Mafua yana hila moja: hupona yenyewe, aghalabu ndani ya siku 7 hadi 10. Mtu akinywa majani siku ya tano, akapata nafuu siku ya nane, huyasifu majani. Ndiyo maana kauli ya "mimi yalinisaidia" haitoshi. Ni lazima wanaokunywa dawa walinganishwe na wasioinywa.

Tabibu wa Kichina Zhang Zhongjing, aliyeishi yapata miaka 1,800 iliyopita, aliandika dawa yenye mmea uitwao ma huang na vijiti vya mdalasini. Wako wanaocheka wakisikia hayo, nao wamekosea. Katika mmea huo mna efedrini, ambayo Mjapani Nagai Nagayoshi aliitenga mwaka 1885, na kweli huzibua pua na kupanua njia za pumzi.

Lakini efedrini hiyo hiyo hupandisha presha na huufanya moyo uende mbio. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Basi mzazi anayempa mtoto kwa kuwa "ni majani tu" anacheza na hatari.

Na michanganyiko mingine? Mwaka 2007 watafiti wa Cochrane walipitia majaribio ya mitishamba ya Kichina kwa mafua, wakakuta mengi hayakufanywa kwa uangalifu, wasiweze kupendekeza dawa yoyote. Hiyo si kusema haifai kitu, bali haijapimwa sawasawa. Nami nasema ipimwe kama dawa za hospitali, na kila pakiti iandikwe kilichomo.