MAMBO YA NYUMBANI: Faida ya Akiba Ikipungua

Mwezi huu twataka kusema habari ya fedha iliyowekwa, kwa maana katika nyumba nyingi za Kenya tunazozijua swali hili laulizwa kila siku: Mbona fedha yetu haizai kama ilivyozaa zamani kidogo? Mzee hutazama hesabu yake ya benki, akaona ya kuwa kile kidogo kilichoongezwa kimezidi kuwa kidogo, akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Yafaa ajue asili ya jambo lenyewe, kisha ndipo atafute pengine pa kuiweka.

Benki Kuu ya Kenya huweka kiasi cha riba, na mabenki mengine hukitazama kama mabaharia watazamavyo upepo. Mwezi wa Februari 2024 kiasi hicho kilipandishwa hata 13 kwa mia, ili kuzuia bei za vitu na kuitegemeza shilingi. Tangu Agosti 2024 kilianza kushushwa, mkutano baada ya mkutano, hata Desemba 2025 kikawa 9 kwa mia. Na fedha ya Serikali ikafuata njia ile ile. Hawala za Hazina za siku 91 zilitoa karibu 16 kwa mia katikati ya mwaka 2024. Katika nusu ya pili ya 2025 zilitoa karibu 8. Basi mwenye shilingi 100,000, aliyekuwa akipata 16,000 kwa mwaka na kubakiwa na 13,600 baada ya kodi ya 15 kwa mia, sasa hesabu yake ilikuwa 8,000, na baada ya kodi 6,800. Ni nusu kamili.

Na hesabu ya kawaida ya benki, ile ya kupokelea mshahara na kutolea fedha kila siku? Huko wengi hawapati kitu, wala si jambo jipya. Sheria ya Septemba 2016 ilizilazimisha benki kuzilipa akiba zenye faida si chini ya sehemu 70 katika 100 za kiasi cha Benki Kuu. Watu walifurahi sana. Lakini baadhi ya mabenki yalizigeuza hesabu za akiba jina, yakasema hizi ni za kutumia tu, si za kuzaa. Na mwaka 2018 neno lile la akiba likaondolewa katika sheria. Kwa hiyo twasema wazi: hesabu ya kawaida ni mfuko wa kanzu, si ghala. Weka humo matumizi ya mwezi, basi.

Hata hivyo tusihuzunike kupita kiasi. Faida yapimwa pamoja na bei za sokoni. Oktoba 2022 hawala za siku 91 zilitoa karibu 9 kwa mia, na watu waliona ni vizuri. Lakini mwezi huo huo bei za vitu zilikuwa zimepanda 9.6 kwa mia katika mwaka mmoja. Mwenye akiba alirudi nyuma huku akidhani yuaenda mbele. Mwishoni mwa 2025 faida ilikuwa karibu 8, na bei zilikuwa zikipanda kwa kadiri ya 4 na nusu. Baada ya kodi, huyu wa pili ndiye aliyepata kitu.

Mama mmoja mjane, ambaye jina lake hatulitaji, alitujia na habari ya shilingi 600,000, malipo ya kazi ya marehemu mumewe. Watoto wawili wako shuleni. Fedha ilikuwa imelala benki katika hesabu ya kawaida, na mtu wa mtaani, mwenye maneno matamu na karatasi nzuri, alimwahidi 10 kwa mia kila mwezi. Tulikaa naye tukapiga hesabu. Ikiwa ahadi ile ni kweli, 100,000 ikiachwa mwaka mmoja itazidi 313,000. Serikali yenye kutoza kodi nchi nzima ilitoa karibu 8 kwa mwaka mwishoni mwa 2025. Huyu atoa wapi? Atoa katika fedha za wale wajao nyuma, na siku wasipokuja watu wapya, naye haonekani. Faida ikipungua kote, ndipo watu wa namna hii hutembelea nyumba za wajane. Mama akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nilikuwa nimekwisha mwambia aje kesho." Tukamshauri amwambie asije.

Tukamwuliza kwanza kama ana deni. Alikuwa nalo: 120,000 katika chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya 1 kwa mia kila mwezi juu ya deni lililobaki. Hapo palikuwa na jibu ambalo wengi hawalitazamii. Kulipa deni hilo ni sawa na kupata 12 kwa mia kwa mwaka, bila kodi wala hofu. Mtu awekaye akiba ya 8 huku akilipa riba ya 12 ateka maji kwa pakacha.

Kisha karo. Fedha itakayotakiwa Januari haifai kufungwa. Kwa hiyo tulimweleza mifuko ya soko la fedha, ambayo hukusanya akiba za watu wengi na kuzikopesha Serikali na mabenki kwa muda mfupi. Mtu aweza kutoa yake baada ya siku chache. Faida yake nayo hushuka, ila kwa kuchelewa, kwa kuwa mifuko huwa bado na hati za zamani zenye faida kubwa. Uliza daima kama kiasi kinachotangazwa ni kabla ya kodi au baada yake, na kama ada ya wasimamizi imekwisha kutolewa. Uliza pia kama wana ruhusa ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mifuko hii haina ile bima ya amana ambayo, tangu Julai 2020, humlinda mwenye fedha benki hata shilingi 500,000 katika benki moja. Na mama huyu, yatazamwe hayo, alikuwa na 600,000 mahali pamoja.

Zaidi ya hayo kuna hatifungani za miaka mingi, ambazo mwaka 2025 zilitoa kati ya 12 na 14 kwa mia. Na zile za miaka kumi na kuzidi hutozwa kodi ya 10 tu badala ya 15. Mwenye kuzishika hata mwisho hupata faida ile ile aliyoandikiwa, hata riba zikishuka namna gani. Lakini akishikwa na haja akauza mapema wakati riba zimepanda, hupata hasara. Walionunua mwaka 2021 walilijua neno hili 2023 na 2024. Kwa mjane mwenye watoto wadogo hatukuzisifu sana.

Hawala twaliona ni jambo la katikati. Huuzwa kwa bei pungufu: kwa 8 kwa mia, ya siku 91 yenye kuandikwa 100,000 hununuliwa kwa 98,044 hivi. Mwenye 50,000 hupokelewa, na siku hizi mtu hujiandikisha kwa simu katika DhowCSD ya Benki Kuu, bila dalali.

Basi mama alilipa deni lake lote. Shilingi 200,000 za karo aliziweka mfukoni mwa soko la fedha, na 200,000 akanunua hawala ya siku 364. Zile 80,000 zilizobaki ziko benki bado. Kaka yake ataka zinunue ng'ombe wa maziwa, na yeye hajakubali.