Kiraka kikitoka, mwizi naye anakisoma

Mu mine, mutu wa usalama akisema dari ya shimo imepasuka, hakuna mwenye kujibu "tutaona mwezi ujao". Watu wanatoka, wanatia miti, kisha wanarudia kazi. Lakini mu biro yenye kuandika siku zetu za kazi na mishahara, ordinatere inasema kila asubuhi kwamba iko na matengenezo ya usalama ya kuingiza, na karani anafunga kale kadirisha kama vile anafukuza inzi. Sisi tunasema hapana. Hatari hiyo inaweza kufika mpaka ku sahani ya batoto.

Tunasema hapa juu ya Linux, sababu serveri nyingi za dunia zinatembea nayo, na simu za Android nazo ziko na kiini chake ndani. Linux haitoke mu kiwanda kimoja. Kuko vikundi vyenye kukusanya programu, kuzipima na kuzigawa mu pakiti. Debian ilianza 1993. Ubuntu ilianza 2004, na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Jina lenyewe halituombe mutafsiri, Muluba anasema bumuntu, sisi tunasema utu.

Mwezi wa kwanza wa 2022, wachunguzi walitangaza tundu mu programu inayoitwa polkit, yenye kupatikana karibu ku kila Linux. Mutu wa kawaida aliyekwisha kuingia mu mashini aliweza kupitia pale na kujifanya bwana wa mashini yote. Tundu lilikuwa pale tangu 2009. Debian na Ubuntu walitoa kiraka siku ileile ya tangazo, bila kuomba franga. Basi sikilizeni vizuri: tangazo la kiraka linaonyesha tundu liko wapi. Fundi analisoma, mwizi naye analisoma. Kwa hiyo mashini isiyotiwa kiraka iko mu hatari kubwa leo kuliko jana, hata kama haikuguswa na mutu. Njo maana "inatembea muzuri, muiache" ni jibu baya.

Kuko wenye kusema matengenezo yenyewe yanaweza kuleta ubaya. Hawasemi bongo. Mutu mwenye kujiita Jia Tan alisaidia kazi ya programu ndogo ya kukamua mafaili, xz, zaidi ya miaka miwili, mpaka akaaminiwa. Kisha, mu 2024, akaficha mulango wa siri mu toleo la 5.6.0 na la 5.6.1. Aliyeugundua ni Andres Freund, fundi wa Microsoft: aliona kuingia mu mashini kwa njia ya SSH kunachelewa karibu nusu ya sekunde, akachimba mpaka akafika ku mulango, akatangaza tarehe 29 mwezi wa tatu. Nusu ya sekunde! Wengine wetu tungesema ni rezo.

Lakini muone mulango ule ulifika wapi. Uliingia mu Debian ya majaribio. Mu Debian imara haukufika, sababu pale vitu vipya vinangoja kwanza. Mu Debian imara wanatia paka kiraka, na namba ya toleo inabakia karibu ile ya zamani. (Mutu akiwauzia ordinatere mupya kwa kusema "namba yenu imezeeka", mumuulize kwanza kama viraka vimeingia.) Tena Lasse Collin, aliyekuwa anachunga xz, alifanya kazi ile kwa miaka bila mushahara, karibu peke yake. Makampuni makubwa yalikula matunda. Watu wenye kutoa kobalti ya betri za dunia wanaijua hadithi ya namna hiyo.

Inabakia mega. Ni kweli, mega zinauzwa bei. Lakini biro yenye mashini makumi mawili haina lazima ya kununua mara makumi mawili: mashini moja inachukua pakiti ku intaneti, zingine zinazipata kwake, na kila moja inahakikisha sahihi ya Debian ao ya Ubuntu mbele ya kuingiza. Pakiti ikichezewa njiani, mashini inaikataa. Ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye kujua.

Tunaomba wakubwa wa kazi waandike jina la mutu mumoja mwenye kuchunga viraka vya mashini za mishahara na za dispensere, na siku ya juma ya kuvitia. Delege wa sendika nao waulize swali moja mu mukutano: serveri yetu iko na toleo gani? Wakijibiwa "Ubuntu 20.04", wajue kwamba matengenezo yake ya kawaida yaliisha mu mwezi wa tano 2025, na waombe kuonyeshwa nani anaitengeneza tangu pale.