Kusasisha Kompyuta Mapema ni Kinga ya Huduma kwa Wananchi wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10, ulioanza kutumika mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika, na hapo ndipo penye hatari: mtumiaji haoni tofauti, ilhali kasoro mpya zinazogunduliwa hubaki wazi kwa wahalifu wa mtandao.

Athari za uzembe huo zinafahamika. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba kasoro moja ya Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kiliitumia kasoro hiyo kufunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Nchini Uingereza inakadiriwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Dawa ilikuwepo, waliodhurika hawakuwa wameitumia.

Kwa Kilwa, funzo hilo lina uzito wa pekee, kwani msaada wa kiufundi unaweza kuchelewa. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya wilaya hiyo. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari ilidhoofisha intaneti nchini. Ofisi, zahanati au duka ambalo kompyuta zake zingevamiwa wakati huo lingesubiri fundi asiye na njia na mtandao usio na kasi. Nahodha hukalafati jahazi likiwa pwani, si likiwa katikati ya mkondo.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu kuchukua hatua za kuzilinda. Kompyuta isiyosasishwa ni mlango ulioachwa wazi kwa taarifa za mgonjwa, mwanafunzi na mlipakodi.

Gharama ya bando ni hoja ya msingi, lakini ina ufumbuzi. Windows inaruhusu kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kugawana sasisho lililokwisha kupakuliwa, badala ya kila moja kulipakua upya. Wenye Windows 10 binafsi wanaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta kongwe zisizokidhi vigezo vya Windows 11 zinaweza kuwekewa Linux, mfumo usiolipiwa leseni.

Hata hivyo, sasisho pekee halitoshi. Nakala ya mafaili muhimu ihifadhiwe kwenye diski inayochomolewa baada ya kazi, ili kirusi kikiingia kisiifikie. Kwa ofisi iliyo mbali na mafundi, nakala hiyo ndiyo itakayoamua iwapo mwananchi atahudumiwa kesho yake au ataambiwa arudi wiki ijayo.