Kijana, Nani Anatengeneza Jukwaa?

Wapendwa baba na mama, mtoto wenu akisema anataka kazi ya kupanga majukwaa ya michezo na sherehe, mnajibu upesi: "Ile njo kazi gani? Wende usome umeme!" Ngojeni kidogo. Hata umeme uko ndani ya kazi hiyo.

Mpangaji wa jukwaa, ambaye kwa Kifaransa tunamwita senografu, haigizi wala haimbi. Anasoma mchezo, anapima uwanja, anachora, halafu anaamua: mlango huku, kiti cha chifu kule, taa ngapi, nguo za rangi gani, watu wakae wapi ili wote waone. Kisha anahesabu mbao, misumari na faranga. Asiyependa hesabu asijaribu.

Ninyi wazee wa Katanga mnamkumbuka Mufwankolo na kundi lake la Lubumbashi. Mwaka 1986 walitengeneza mchezo wa televisheni juu ya mamlaka ya chifu, "Le pouvoir se mange entier". Hawakujenga kijiji cha karatasi. Walienda kuucheza Kawama, kijiji cha kweli nje ya mji. Kuchagua mahali, ile nayo ni kazi ya senografu, hata kama hakuna aliyeitwa kwa jina hilo.

Huko Kenya, Kamiriithu karibu na Limuru, mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi walijijengea jukwaa la wazi, lenye nafasi ya watu zaidi ya 2000. Ramani yake waliipanga kwanza kwa njiti za kiberiti. Mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, ulianza Oktoba, ukakatazwa Novemba. Mwaka 1982 polisi wakalibomoa jukwaa lenyewe. Mtasema, mbao tu. Lakini serikali haitumi polisi kwa ajili ya mbao tu!

Tena kazi hii inashika maisha ya watu. Julai 2024 watu walikufa katika msongamano kwenye konseri ya nyimbo za injili, Stade des Martyrs, Kinshasa. Sisemi kosa lilikuwa la nani. Nasema tu, mpangaji ahesabu milango kabla ya kuhesabu taa.

Kwetu Kambove tunajua kutegemea posho ya kampuni moja kulitufikisha wapi. Maelfu waliotoka Gécamines mwaka 2003 wanaweza kusimulia. Lakini arusi hazikuisha, matanga vilevile, na mikutano ya injili inahitaji jukwaa kila kiangazi. Mafundi wa kuunga vyuma tunao, maseremala tunao. Anayekosekana ni yule wa kuwapa mchoro. Anayetaka shule kubwa, iko INA ya Kinshasa, inafundisha mambo ya tiatri.

Wewe kijana anza na mchezo wa Noeli. Pima ukumbi wenu kwa kamba. Mita 1 iwe sentimita 5 za katoni, ujenge ukumbi mzima juu ya meza, pamoja na milango. Kata pia mtu wa karatasi, sentimita 8 na nusu, umpitishe mlangoni akiwa amebeba mabawa ya malaika. Kama hapiti, afadhali ujue sasa.