Alama Nyuma ya Kijiko

Shangazi ndiye aliyeuliza, na swali lake lilitunyamazisha sote. Siku za matanga zilikuwa zimekwisha, warithi tumekusanyika ukumbini kwa marehemu bibi, na kabati lake la vioo limefunguliwa kwa mara ya kwanza na mkono usiokuwa wake. Ndani mlikuwa na vyombo vya chai vya Kiingereza: buli, jagi la maziwa, bakuli la sukari, vijiko vidogo sita, na koleo la kushikia vipande vya sukari. Viliingia nyumbani mwaka wa 1963, pale Mwingereza mmoja aliyefanya kazi bandarini pamoja na babu alipofungasha mizigo kurudi kwao. Tangu hapo vilitolewa siku za harusi na za Idi, kisha vikarudishwa kabatini na ufunguo ukarudi kifundoni mwa leso. Vijana walikuwa wakibishana kama ni fedha au si fedha, kwani walitaka kujua bei. Shangazi aliwaza mengine. "Kama ni fedha kweli," alisema, "basi mama alikuwa akikoroga chai kwa chombo kilichokatazwa?"

Msomaji anaijua asili ya khofu hiyo. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa njia ya Hudhaifa na ya Ummu Salama, Allah awe radhi nao, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na vya fedha. Katazo hilo ni la wanaume na wanawake pamoja. Ruhusa tuliyopewa sisi wanawake ni ya mapambo ya mwilini, wala haifiki mezani. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wa pwani hii, wamekiingiza hata kijiko katika hukumu hiyo, na kauli iliyo na nguvu zaidi kwao ni kwamba hata kukiweka tu chombo cha fedha bila ya kukitumia hakufai. Lakini chombo cha madini mengine kilichopakwa fedha kidogo mno, kiasi kwamba kikitiwa motoni haipatikani fedha ya kukusanywa, kauli iliyo na nguvu ni kuwa kinaruhusiwa. Basi hukumu ya kabati zima ilitegemea jambo moja, nalo ni kujua kilichomo mkononi ni kitu gani.

Hivyo ndivyo tulivyojikuta tumeingia, bila ya kukusudia, katika elimu ambayo kule Uingereza wako watu wanaoitumikia umri mzima: elimu ya wakusanyaji wa fedha ya kale, hasa ile iliyofuliwa katika miji iliyo nje ya London. Sisi hatukutaka kukusanya chochote. Tulichohitaji ni macho yao.

Jambo la kwanza wanalolijua ni kwamba fedha ya Kiingereza haiaminiwi kwa mng'aro wake. Huaminiwa kwa muhuri. Tangu mwaka wa 1300 sheria ya mfalme iliamuru fedha ipimwe na kupigwa alama ya kichwa cha chui, na kuanzia 1544 ikaongezwa alama ya simba anayetembea huku ameinua guu la mbele. Huyo simba ndiye shahidi mkuu. Kwa karne nyingi maana yake imekuwa kwamba katika kila sehemu 1000 za madini hayo, sehemu 925 ni fedha halisi, na kilichobaki aghalabu ni shaba ya kuyatia ugumu. Pembeni mwa simba huwapo herufi ya mwaka, herufi za jina la mfuaji, na alama ya mji ambako chombo kilipimwa. Kuanzia 1784 hadi 1890 hupatikana pia kichwa cha mfalme au cha malkia, kuonyesha kwamba ushuru wa serikali umelipwa.

Alama ya mji ndiyo inayowatia wazimu wakusanyaji. London ilikuwa na mafundi wengi na kazi zao zimejaa kila mahali. Miji ya mikoani ilikuwa na mafundi wachache, na kila mji ulikuwa na alama yake: Exeter ngome ya minara mitatu, Newcastle ngome tatu, Chester upanga na miganda ya ngano, York msalaba uliopambwa kwa simba watano, Norwich ngome iliyokaa juu ya simba. Mwaka wa 1697 serikali ilipobadilisha kiwango cha fedha, sheria iliisahau miji hiyo, na mafundi wake wakawa hawana mahali pa halali pa kupimia kazi zao mpaka waliporudishiwa haki kwa sheria nyingine za 1700 na 1702. Na hata baada ya hapo, ofisi za kupimia zilifungwa moja baada ya moja: York katikati ya karne ya 19, Exeter mwaka wa 1883, Newcastle mwaka wa 1884, na Chester ikafuata mwaka wa 1962. Birmingham, yenye alama ya nanga, na Sheffield, iliyotumia taji hadi miaka ya 1970, zilifunguliwa 1773 na zingalipo. Ipo pia miji midogo ambayo haikupata kuwa na ofisi kabisa, na mafundi wake wakijipigia alama zao wenyewe. Taunton, kwa mfano, walipiga pipa na herufi T. Alama ya mji wa namna hiyo ikionekana, kijiko kilichochakaa huweza kuwashinda kwa bei ndugu zake wa London wazito kuliko yeye.

Tulimwita jamaa yetu mmoja, fundi wa saa, aje na kioo chake cha kukuzia. Akaanza na buli, kwa sababu ndilo lililokuwa kubwa, zito na lenye kumeremeta. Chini yake palikuwa na vijingao vinne vilivyopangwa safu, kila kimoja na herufi yake ya mapambo, na kwa mbali ungeapa kwamba ni mihuri ya mfalme. Alipovisogelea akasoma: E, P, N, S. Herufi hizo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba chombo kimechovywa fedha kwa nguvu ya umeme. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ndiyo iliyochukua hataza ya kazi hiyo mwaka wa 1840, na baada yake nyumba za watu wa kati Uingereza zikajaa mabuli ya kung'aa. Madini ya chini, ambayo Waingereza wanayaita fedha ya nikeli, hayana fedha hata chembe: ni shaba, zinki na nikeli. Jagi na bakuli vilikuwa vivyo hivyo. Kijana aliyekwisha kuipigia hesabu seti nzima kwa gramu aliinuka akaenda kunywa maji.

Iko namna nyingine ya zamani zaidi inayowachanganya wengi, nasi tuliiogopa kidogo kabla ya kuziona herufi zile. Mapema katika miaka ya 1740 fundi wa visu wa Sheffield, Thomas Boulsover, aligundua kuwa bamba la fedha na bamba la shaba yakiunganishwa kwa moto huwa kitu kimoja na huweza kufuliwa pamoja. Chombo cha namna hiyo hujulikana pale kingo zilipolika: wekundu wa shaba huchungulia kama shavu la mtu chini ya utaji. Hicho fedha yake si ya kupakwa juu juu, na mwenye nacho asijihukumie mwenyewe. Amuulize shehe wake.

Vijiko ndivyo tulivyotaka kuviacha. Vilikuwa vyembamba, vimefifia rangi, na kimoja kimepinda. Karibu na mwisho wa mpini, kwa nyuma, fundi wa saa akaona safu ya alama ndogo kuliko punje za mtama: simba anatembea, ngome ya minara mitatu, kichwa cha malkia, herufi ya mwaka, na herufi mbili za mfuaji. Hata kabla ya kuitafuta herufi ile katika orodha tuliweza kusema jambo: kichwa ni cha Victoria, aliyeanza kutawala 1837, na ngome ni ya Exeter iliyofunga ofisi yake 1883. Kwa hiyo vijiko vilifuliwa ndani ya miaka isiyofika hamsini, katika mji ulio kusini-magharibi mwa Uingereza, mbali kabisa na London. Hivyo hafifu ndivyo vilivyokuwa fedha, na lile buli la kujionyesha ndilo lililokuwa la kuchovya.

Shangazi aliposikia alikaa kimya, kisha akauliza kama huyo mfuaji alikuwa mwanamume. Tulicheka, lakini swali si la kuchekwa. Kule, mjane wa fundi aliweza kuiendeleza karakana ya marehemu mumewe na kusajili alama kwa jina lake. Dorothy Langlands wa Newcastle alifanya hivyo mwaka wa 1804 na akaiendesha kazi kwa miaka kumi, na kabla yake Hester Bateman wa London alisajili alama yake 1761, akawaachia wanawe karakana yenye sifa. Wakusanyaji leo huzitafuta herufi za wanawake hawa kwa hamu.

Wanaokusanya wana tahadhari zao pia, na anayeuza azijue kama anayenunua. Ushuru ulipowekwa mwaka wa 1720 baadhi ya mafundi waliukwepa kwa kukata alama kutoka chombo kidogo kilicholipiwa na kuichomelea ndani ya chombo kikubwa. Karne ya 19 vijiko vya kale vilivyokuwa na sura tulivu vilipigwa nakshi za matunda ili vivutie, na thamani yao ikapungua kwa mwenye kujua. Majina ya wenyewe wa kwanza yalisuguliwa. Mtu hukipumulia kijiko, na ukungu wa pumzi unapoondoka herufi zilizofutwa huonekana tena kwa muda mfupi.

Wako wanaoharibu bila ya hila yoyote, nao ni sisi. Masinia yetu ya shaba tunayasugua kwa ukwaju, ndimu na jivu, nayo hutii. Fedha ya kale ikisuguliwa hivyo simba huondoka, na akiondoka simba ushahidi umepotea. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na kitambaa cha pamba vyatosha. Chumvi huila fedha, ndiyo maana Waingereza waliviwekea vyombo vyao vya chumvi bakuli la kioo cha buluu kwa ndani. Yai huifanya nyeusi kwa salfa iliyomo, na mpira wa kufungia vitu hufanya vivyo hivyo. Vijiko vya bibi vilikuwa vimefungwa kwa mpira, na alama nyeusi ya ule mpira ingali pale.

Swali la shangazi tulilipeleka kwa shehe wetu. Alisema marehemu hakujua, na kwamba asiyejua hawekwi pamoja na aliyejua akaendelea, tumwombee dua. Shangazi alilia, tukamwacha alie. Buli, shehe alipoelezwa lilivyotengenezwa, alisema litumike. Kuhusu zaka alitukumbusha kwamba vyombo vya fedha havisameheki. Vijiko sita vilipima kama gramu 90, mbali na nisabu ya dirhamu 200, ambayo ni gramu 595 hivi, ila kila mrithi aangalie na akiba yake nyingine.

Sonara wa karibu alitaka kuvinunua kwa uzito ili aviyeyushe. Binamu yetu aliyeko Leicester akatusihi tusubiri, akavichukua, akavipeleka mnadani kule, na Exeter ikaleta zaidi ya bei ya mizani. Si mali ya kujengea nyumba. Iligawanywa kama mirathi inavyogawanywa, mwana wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja, na hapana aliyenung'unika.

Limebaki koleo. Alama zake zilikuwa upande wa ndani wa mikono yake, na bibi, Allah amrehemu, alilipenda kuliko vyote na kulisugua kuliko vyote. Fundi wa saa anaona kitu kama mgongo wa mnyama na hawezi kuapa kama ni simba. Tumelifunga kitambaa cha pamba, halitumiki, likingoja binamu aje mwezi wa Shaaban alichukue likapimwe Birmingham.